Plasta ya Mzee Kitwana

Plasta haikuwapo begani.

Mzee Kitwana alipapasa tena, huku amempakata mjukuu wake aliyetoka arobaini jana. Jasho la mchana lilikuwa limeibandua. Wiki mbili nyuma, nesi wa zahanati alimbandikia ya kwanza, akamweleza kwamba itampa nikotini bila moshi, uchu wa sigara utulie. Akampa na karatasi yenye maandishi mekundu: weka mbali na watoto.

"Baba, amelala?" Siwema, bintiye, aliuliza kutoka uani alikokuwa akifua. Ndiye aliyeapa kuwa mwanawe hatapakatwa na mtu anayenuka sigara. Leo ndiyo mara ya kwanza kumkabidhi.

"Amelala."

Mtoto alikuwa ametulia mno. Mzee akafungua kanga ya kwanza, hakuna kitu. Akafungua ya pili. Akamgeuza taratibu, akapapasa mgongo, shingo, mapaja. Akamfinya unyayo kidogo, na mtoto akakunja uso, akaangua kilio.

Ndipo alipoiona. Ilikuwa imenata kwenye upindo wa kanga, vidole viwili tu kutoka mdomoni mwa mtoto.

Akaibandua, akaifumbata kiganjani. Siwema alikwisha fika mlangoni, mikono inachuruzika povu.

"Mbona umemvua nguo, Baba?"

Mzee alitazama ngumi yake. Akinyamaza, kesho atapewa mtoto tena.

Vidole vikaanza kufunguka, kimoja kimoja.