Kushoto kwa Mlango

Tangi lilibonyea palepale: kushoto kwa mlango, usawa wa kifua. Pampu ilikuwa haijafyonza hata theluthi ya hewa. Ukuta wa kijani ulijikunja mara moja, kwa kishindo kilichowafanya mafundi wazibe masikio.

"Mkebe wa nyanya huo!" alicheka Chuma Kinene, mhandisi mwingine wa kiwanda, aliyepewa jina hilo kwa kudai kuta nene maisha yake yote.

Mzee Mhandisi, aliyelibuni tangi hilo, alilisogelea. Miezi mitatu alikuwa amelitesa tangi hilo ndani ya kompyuta, akilitia kibonyeo cha ukubwa wa kidole gumba hapa na pale, mahali mia tano. Kote lilistahimili. Mahali pamoja tu lilianguka kabla ya theluthi. Ni hapo.

Chuma halisi hakina utii wa namna hiyo.

Aliinama na kupapasa. Katikati ya mkunjo palikuwa na kishimo cha mviringo, laini, kisicho na mkwaruzo wa nyundo. Jana tu, kabla mkewe hajamletea chakula cha mchana, aliupima ukuta wote kwa mkono wake. Ulikuwa safi kama yai.

Lingepita jaribio, angekwenda ng'ambo miaka mitatu kusimamia ujenzi wa mengine arobaini. Limeanguka, kesho ni mstaafu.

"Umeligonga wewe!" Mzee alimfokea Chuma Kinene mbele ya watu.

"Mimi? Ningejuaje pa kugonga? Hiyo kompyuta yako hata kuiwasha siwezi, babu wee."

Mzee akamwendea mlinzi wa lango. "Jana aliingia nani?"

"Mgeni? Hata mmoja, Mzee. Haki ya Mungu."

Alirudi nyumbani akiburuta miguu. Karibu na mlango lilisimama sanduku lake la safari, ambalo mkewe alikuwa amelipanga mwenyewe, shati juu ya shati. "Nenda, mume wangu," alimwambia wiki iliyopita. "Riziki haikataliwi. Mimi nimeshazoea kukungoja."

Sasa alikuwa jikoni akitwanga vitunguu saumu. Alimtazama usoni, asiulize jaribio limekwendaje.

"Pole, baba watoto. Sasa utapumzika."

"Sipumziki! Nimehujumiwa. Njoo uniandikie barua ya mashtaka."

Macho ya mzee yalikuwa yamechoka siku nyingi. Kila ripoti yake aliipiga chapa mkewe, tarakimu kwa tarakimu, na ile ya mwisho, iliyotaja mahali pale dhaifu, ilikuwa haijatoka bado humo nyumbani.

Mkewe aliulaza mchi juu ya meza, akafuta mikono, akavuta kiti.

"Haya. Tumshtaki nani?"

Mzee alifungua kinywa kulitaja jina, macho yakauangukia mchi. Ncha ya chini ilikuwa na vitunguu saumu. Ya juu ilikuwa na rangi ya kijani.