Nikeli ya Huruma

Asubuhi hiyo fundi alikuwa anavuta kipande chake cha kumi na mbili kwenye mashine ya kupimia. Alitaka chuma kigumu kisichotiwa nikeli, maana nikeli imeadimika na bei yake haishikiki. Vipande kumi na moja vilikatika kama biskuti. Hiki kikagoma katakata, kikang'ang'ania meno ya mashine.

"Tumeweza, bosi! Usifunge tanuri," akamwandikia mbio mbio kwa simu bosi, aliyeapa kulifunga siku hiyo jaribio likishindwa.

Mzee wa tanuri, aliyeyeyusha chuma hicho, alikuwa kando yake; akajikuna shingo. "Mwanangu, nilikuonea huruma. Jana nikatupia nikeli, kiganja kimoja tu."

"Mzee! Nikeli ndiyo ninayoikimbia!"

"Kwani nani anapika bila chumvi?"

Fundi akafumba macho, akahema, akaandika tena: "Bosi, samahani. Kipande kina nikeli. Nipe wiki moja."

Bosi akasoma. Akajibu: "Wiki moja. Na nikeli uifungie kabatini."