Hodi ya Tatu

"Cha bure hakina dhamana," alisema Bi Ramla, akivuta kiti mbele ya kompyuta. "Nimempigia mwanangu Badi hodi mara mbili kwa hiyo barua pepe uliyonifungulia, kimya. Nifungulie ya kampuni nyingine."

Saumu, mwenye duka la intaneti, hakubisha. Alimfungulia anwani mpya, akamwachia aweke nywila. Bi Ramla akaandika jina alilokuwa akimwita Badi utotoni.

"Sasa tuijaribu ile ya zamani, mama. Jitumie barua kwenye hii mpya."

Bi Ramla akaandika neno lile lile alilomwandikia mwanawe: Hodi. Akaituma. Hata miwani hajaiweka sawa, neno likatokea kwenye sanduku jipya, na jina lake juu.

"Kumbe inafika," alisema taratibu.

"Inafika, mama."

Kisha akaiweka anwani ya Badi, akaandika tena Hodi. Saumu akasubiri abonyeze.

"Mlangoni kwa mtu hodi ni tatu," alisema Bi Ramla. "Ya tatu isipoitikiwa, unaondoka."

Akaiacha hapo, haijatumwa. Akarudi kwenye ile hodi aliyojitumia mwenyewe, akaijibu: Karibu.

Kompyuta ikalia. Barua ilikuwa imeingia kwenye sanduku la zamani. Alijua kabisa ni karibu yake mwenyewe, lakini aliinama upesi kutazama jina la aliyetuma.