Kama Siku Ile ya Kusajiliwa

Siku nyumba ya Bi Zamzam iliposajiliwa kuwa urithi wa taifa, mumewe alikuwa barazani akimenya chungwa. Sheria ikataka kila kilichoonekana kwenye picha ya siku ile kibaki vilevile. Mkomamanga wa mbele uliponyauka, ulipandwa mwingine. Kikoi kilichoanikwa kilipochakaa, kililetwa kingine.

Mume alipofariki, mkaguzi alikuja hata kabla ya arobaini. Bi Zamzam, aliyekuwa akikaa eda, aliitikia hodi yake nyuma ya mlango kwa sauti iliyochoka.

"Barazani pana pengo, Bi mkubwa. Kesho tunaleta mzee mwingine."

"Niko edani, mwanangu! Huyo mwanamume ni nani wangu?"

"Atakaa nje tu, amenye machungwa." Mkaguzi akaitazama tena picha. "Na wewe siku ile ulikuwa dirishani, unacheka."