Ndege Wasiochafua Mashuka

Sheria inataka kila nyumba iwe na mvule wenye ndege. Wasio na ndege huhamishwa. Mvule wetu ulikaa kimya miaka saba, na mkaguzi hakuwa amewahi kufika kwetu. Siku moja kabla ya mkaguzi kuja, niliamka nikakuta ndege kumi na wawili wametulia matawini. Mume wangu, Byabato, alitabasamu tu.

Mkaguzi alipita akaridhika, na hii ni wiki ya pili tangu ndege waje. Naanika mashuka meupe chini ya mti na kuyaanua hayana hata doa. Ulezi niliowamwagia umeliwa na sisimizi.

“Baba Koku, hawa ndege umewatoa wapi?”

“Ndege ni ndege, mama Koku. Sisi hapa hatuna la kuficha.”

Alisema kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anautazama mti.