Fundi Cherehani wa Zamani

Kinyozi alipokiri, mkewe nusura apige vigelegele.

"Nimekumbuka," alisema mume, aproni ya kazini ingali kiunoni. "Ni kweli, wakati wa uchumba wetu nilikuwa na yule fundi cherehani. Nisamehe, mke wangu."

Loo! Na jinsi alivyokuwa amekana! Fundi gani? Wa wapi? Lakini mke hakuchoka kumkumbusha: gauni la njano, mwanya, kicheko cha kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Shemeji yake, mdogo wa mke, naye alishuhudia kila wakaapo mezani, mdomo umejaa chakula.

Sasa mume akawa hana ubavu wa kubisha. Chumba cha mbele, alichoapa kwamba mama mkwe hatakikanyaga, kikapakwa rangi upesi upesi. Mama mkwe akahamia, na mkwewe ndiye aliyembebea godoro.

Ila toba nayo ikapitiliza, jamani. Kinyozi akaanza kukumbuka bila kusukumwa: fundi alivyokata uzi kwa meno, alivyomshonea kifungo shati likiwa mwilini. Aliwasimulia wateja, akamsimulia na mama mkwe jioni baada ya jioni. Akawa anachemsha chai huku akitabasamu peke yake. Mke akaanza kukosa usingizi.

Jumamosi asubuhi alimkuta mumewe mlangoni, shati limenyooshwa kwa pasi, begi begani.

"Unakwenda wapi?"

"Kumtafuta. Yeye ndiye niliyemkosea zaidi."

Mke akaling'ang'ania begi. "Mume wangu, huyo fundi hayupo! Tulimtunga mimi na mdogo wangu, humo jikoni, ili mama apate chumba! Haki ya Mungu!"

Shemeji akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga.

Kinyozi akawatazama kwa huruma. "Huo ni wivu tu, mke wangu. Wala sikulaumu."

Akatoka. Mke akakimbilia chumba cha mbele, kanga inamvuka.

"Mama! Mwite, wewe anakuheshimu! Mwambie hakukuwa na mwanamke yeyote!"

Mama akachungulia dirishani, akamsindikiza mkwewe kwa macho.

"Mwache aende zake, mwanangu. Yule fundi namkumbuka vizuri, binti mwenye adabu zake. Hata mimi nilishangaa alipomwacha akaja kukuoa wewe."