Mlango Haumjui Bibi Harusi

Ufunguo wa siku hizi ni vinyweleo vya mkono: mlango unavisoma, nawe unaingia. Lakini kesho naolewa, na somo yangu, Bi Mashavu, kungwi anayeniandaa kwa harusi, alinipitishia mashine ya kung'olea nywele kama anayevuna mpunga.

"Somo, mkono wa kulia niachie! Nitaingiaje kwetu?"

"Bibi harusi mwenye manyoya, ndiyo nini? Vitakavyoota vitafungua kwa mumeo. Kaza meno!"

Nikang'aa kama sahani ya Idi. Nikatoka nje kwa maringo kupunga upepo. Kurudi, mlango ukagoma. Mama akanifungulia kutoka ndani, akaupapasa mkono wangu, tukacheka sana.

Mlango ukamuuliza kwa adabu, "Mgeni huyu atakaa siku ngapi?"

"Mpaka kesho," mama akajibu, na kicheko chake kikaishia hapo.